Kibao cha Kupimia Raketi za Baraka

Ninyi wawili mnaobaki na ufunguo wa depo ya raketi, mliponiomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa nilidhani mnanitania. Kisha mkaniletea kaye mpya, daftari nene la mistari, na kreyo mbili, penseli zilizochongwa tayari, nikaona hamna mchezo. Basi someni. Cheo na mshahara siviandiki. Cheo changu mnakijua, na mshahara wetu hauna hadithi ndefu. Nitaandika juu ya mbao, nyuzi na namba, na juu ya Mzee Wilondja aliyenifundisha vyote vitatu. Mwishoni kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, na kwa kweli ndilo lililonifanya nikubali kaye yenu.

Nilianzia kwenye hangari ya pamba, pale kiwandani Baraka. Tulikaa chini wanawake arobaini, kapita akitusimamia, tukichambua majani na mbegu, vumbi jeupe likitujaa puani. Mwaka wa pili nilikuwa nakohoa hata nikicheka, kwa hiyo nikapunguza kucheka. Wakati wa mapumziko nilitoka nje nikasuka vitunga, kazi ya mama yangu na bibi yangu. Siku moja mzee mwembamba mwenye kreyo sikioni alisimama mbele yangu, akaokota kitunga nilichokwisha kumaliza, akakigeuza akakigeuza tena.

"Hiki ni weye njo ulisuka?"

"Ni mi, papa."

"Unga inapitaka?"

"Haipitake."

Akavuta ubavu wa kitunga kwa vidole viwili, akautazama kama anautafutia kosa. "Kesho asubuhi utakuja kwangu kwa Serkle. Nitasema na kapita wako."

Serkle ilikuwa kilabu cha wakubwa wa kiwanda, na uwanja wake wa tenisi ni huu huu mnaoufagia ninyi, wa udongo mwekundu wa kichuguu, uliopondwa na kushindiliwa kwa maji. Wazungu walikuwa wamekwenda zao, biashara zimepewa raia, na vingi vilivyokuwa vyao vilikuwa vimeshaharibika au vimetembea. Raketi hazikutembea, kwa sababu ufunguo ulikuwa shingoni mwa mzee yule, Wilondja. Zilikuwa thelathini na mbili, zote za mbao, kila moja imefungwa ndani ya presi yake, kibanio cha skrubu nne. Hewa ya ziwa haina huruma na mbao. Ukiacha raketi wiki mbili za mvua nje ya presi, kichwa kinapinda kama kaukau ya viazi kwenye mafuta.

Nilidhani nimeitiwa vitunga. Siku nzima ya kwanza hakunipa uzi hata mmoja. Alinipa kitambaa, chupa ya mafuta ya mawese aliyoyachemsha na kuyachuja, na raketi thelathini na mbili za kupangusa. Jioni akaniuliza ipi ni nzito kuliko zote. Sikujua. Akasema nirudie kesho. Siku ya tatu niliijua kwa mkono kabla ya kuiona kwa macho, ndipo akafungua kaye yake.

Kila raketi ilikuwa na ukurasa. Urefu: sentimita sitini na nane na nusu, zote karibu sawa. Uzito: tulipima kwa mizani ya sampuli za pamba, na za wanaume zilikuwa gramu mia tatu sabini mpaka mia tatu tisini, nyuzi zikiwemo. Wakubwa wote walitaka nzito. Walicheza dakika kumi, kisha wakaenda kukaa kivulini kuzisifu. Kisha ulinganifu: unalaza raketi juu ya mgongo wa kisu, unaisogeza mpaka isimame bila kuinama upande wowote, unapima kutoka kitako cha mkono wa raketi mpaka kwenye kisu. Ikiwa sentimita thelathini na moja, raketi ni nyepesi kichwani. Ikiwa thelathini na nne, kichwa ni kizito, mchezaji atalalamika bega na atasema ni mvua. Kisha unene wa mkono, kwa kamba iliyozungushwa.

Mwisho kichwa. Hapo ndipo alipokuwa mkali.

"Unapimaka ndani ya mbao, hapana inje," alisema, akinigonga kidole kwa rula ya chuma. "Inje ni fundi njo anapendezesha. Mupira unapigwaka na nyuzi. Nyuzi iko ndani."

Unachukua urefu wa ndani, unachukua upana wa ndani pale panapopanuka zaidi, unazidisha, kisha unazidisha tena kwa sifuri nukta saba nane tano. Hesabu hiyo injinia mmoja wa zamani alikuwa ameiandika ukutani, na Wilondja aliitunza kama watu wanavyotunza picha ya ndoa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la sita huko Fizi, kwa hiyo kuzidisha hakukunitisha. Raketi ya kawaida ilitoa ishirini na sita na nusu kwa ishirini na moja, yaani sentimita za mraba mia nne thelathini na saba. Namba hiyo nitakufa nayo.

Nyuzi zenyewe zilinichukua mwezi mmoja. Za kusimama ni kumi na nane, za kulala ni ishirini, juu, chini, juu, chini. Kwa msusi wa vitunga ni usingizi. Shida ni kuvuta. Ukivuta kidogo mpira unazama, ukivuta sana mbao inalia, na mbao ikilia ujue mkubwa fulani atakuja kesho akiwa amekasirika. Hatukuwa na mashine. Wilondja alipiga uzi kwa ukucha, akaimba sauti ya kwanza ya wimbo wa kanisani kwake, akasikiliza. Uzi ukiwa chini ya wimbo, vuta tena. Mimi kanisani kwetu tulianzia sauti ya juu kidogo, na kwa mwaka mzima raketi zangu zilikuwa ngumu kuliko zake. Tulibishana juu ya dini kwa njia hiyo, bila kumkosea Mungu.

Kesi ngumu kuliko zote ilikuwa mwaka nyuzi zilipokwisha. Duka halina, Uvira hawana, ng'ambo ya ziwa wanataka fedha za kigeni. Wilondja alijua kwamba nyuzi nzuri za zamani zilikuwa utumbo wa ng'ombe, na ng'ombe wako Bibokoboko. Nilipanda mlima kwa miguu na kitunga mgongoni mpaka kwa mama mmoja wa wafugaji, Mama Mahoro, ambaye mumewe aliwahi kuuza ngozi kiwandani. Nilimweleza ninachotaka. Akaniuliza mara mbili kama sitaki nyama pia.

"Utumbo tu?"

"Utumbo tu, mama."

"Na huo mchezo wenu unakula matumbo ngapi?"

Nilimwambia raketi moja ni kama ng'ombe watatu. Akawaita jirani zake waje wasikie. Walicheka mpaka nikacheka nami, na nilicheka bila kukohoa, jambo nililoligundua nikiwa njiani kurudi. Alinipa maziwa, akanionyesha jinsi wanavyokwangua na kuosha, na alinichekesha siku tatu. Kule Baraka tulisokota, tukatundika, mbwa wa mtaa wote wakahamia Serkle. Uzi wa kwanza ulikatika kabla ya mpira kuugusa. Wa saba ulikaa michezo mitatu, kisha ukaanza kunuka, na kapteni wa timu akaomba kwa heshima tungoje nyuzi za kuagizwa Bujumbura. Tulingoja miezi minne.

Sasa nifike kwenye kibao.

Kila mwaka tulicheza na timu ya Uvira, mwaka mmoja walikuja wao, mwaka mwingine tulikwenda sisi. Zamani timu hizi mbili zilikuwa zimegombana juu ya raketi, kwa sababu raketi za vichwa vipana zilianza kupatikana kwa wenye jamaa Ulaya, na mwenye kichwa kipana anarudisha hata mipira asiyostahili. Wakapatana: hakuna raketi inayozidi kipimo cha zamani. Wilondja akachonga kibao cha mviringo wa yai, ishirini na sita na nusu kwa ishirini na moja, akakikabidhi mbele ya timu zote mbili. Unakiweka ndani ya kichwa cha raketi, juu ya nyuzi zikiwapo, au ndani ya mbao tupu kabla ya kusuka. Kikikataa kuingia, raketi ni halali. Kikiingia na kulegea, raketi irudi nyumbani. Rahisi, hata mtu aliyelewa angeweza, na mara nyingine ndiye aliyepima.

Kibao kilitundikwa ukutani kwa msumari. Na ninyi mnajua desturi ya hapa. Mkubwa akitangazwa kuja, kunapigwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote, majani yanakatwa, na kila kilicho cha mbao kinapakwa rangi ya kijani ya chama. Uzio, viti, kiti kirefu cha mwamuzi, mlango wa choo. Mpakaji alipofika depo alipaka ukuta na kilichotundikwa juu yake. Mara mbili kwa mwaka, miaka kumi na zaidi. Nilishaona mara nyingi kibao kikikauka, nikasema moyoni kimependeza. Wilondja alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza. Siku hizo mtu hakunung'unikia rangi ile kwa muda mrefu.

Mchezaji wetu mkubwa alikuwa Alimasi, fundi wa mitambo kiwandani, mtu wa Baraka kabisa, aliyejifunza kwa kutazama. Alikuwa amenunua raketi yake mwenyewe kutoka Bujumbura, ya mbao nyeupe, nzuri, kichwa chake kinatulia machoni. Kibao kilikataa kuingia, tukaandika halali. Kwa raketi hiyo aliwapiga watu wa Uvira miaka miwili mfululizo, na mwaka wa tatu mkurugenzi mpya alikuwa ameshaagiza mbuzi wa sherehe kabla mchezo haujafika.

Mkurugenzi huyo hakunipenda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na binamu asiye na kazi. Wilondja alikuwa amebakiza miezi michache apumzike na alikwisha kusema depo iwe yangu. Mkurugenzi akaniita ofisini, akiwa na abakosti, suti ya wakubwa, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, akanisemesha kwa neno la siku hizo la kila raia.

"Sitwayeni, mwanamke kushika depo, mi sijaona bado. Tuone hii mechi. Ikienda muzuri, utabaki. Ikiwa na matata, kule hangari beko na haja na watu."

Hangari. Nilitoka pale kifua kimeanza kuniuma kabla ya vumbi lenyewe.

Alhamisi kabla ya mchezo, Wilondja alikaa kwake kwa sababu mguu ulikuwa umemvimba. Nikabaki peke yangu kutengeneza ukurasa mpya wa kila raketi. Mambo mengine yote nilipima kwa rula, lakini kichwa tulizoea kukiachia kibao. Sijui kwa nini siku hiyo nilichukua rula. Labda kwa sababu nilitaka kaye yangu ya kwanza iwe safi kuliko zake. Raketi ya Alimasi ilitoa ishirini na sita nukta saba kwa ishirini na moja nukta mbili. Nikazidisha: mia nne arobaini na nne. Nikarudia. Nikarudia tena. Kisha nikatungua kibao, nikakipima chenyewe. Kilikuwa kimenenepa. Ukingoni rangi ilikuwa imejikusanya, tabaka juu ya tabaka, karibu milimita moja na nusu kila upande.

Sentimita saba za mraba. Si zaidi ya alama ya kidole gumba kwenye kitambulisho. Lakini ni kidole gumba kilichopita mpaka, na sisi ndio tuliouchonga mpaka.

Nilikuwa nimekwisha kuandika 444. Niliitazama namba ile muda mrefu. Nilifikiri Alimasi atapiga kelele, mbuzi ameshalipiwa, mzee wangu ataaibika mwishoni mwa kazi yake. Hayo nilijiambia. Ukweli ni kwamba nilifikiri hangari. Nikachukua kifutio, nikafuta, nikaandika 436. Nikatundika kibao mahali pake. Nyumba ya Wilondja ilikuwa mwendo wa robo saa tu kutoka pale. Sikwenda, wala Ijumaa, wala Jumamosi.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa mpaka kwenye ukuta wa kiwanda. Wilondja alikuja akichechemea, akafungua kaye yangu kuikagua kabla ya kunirudishia mbele ya watu. Nilimwona amefika ukurasa wa Alimasi. Akauinua kidogo kuelekea jua. Kreyo ikifutwa inaacha mfereji kwenye karatasi, na mzee yule alisoma mbao maisha yake yote, karatasi ingemshinda? Alinitazama mara moja. Akafunga kaye, akaingia depo, akatoka na kibao.

Kapteni wa Uvira alikuwa amesimama na Alimasi katikati ya uwanja. "Mzee, hii raketi iko kubwa. Miaka mbili tunasema iko kubwa. Mupime basi."

Wilondja hakupima. Alikaa kwenye ngazi ya kiti cha mwamuzi, akatoa kisu chake kidogo, akaanza kukwangua ukingo wa kibao. Vipande vya kijani vikaanguka kwenye udongo mwekundu. Chini ya kijani kulikuwa na kijani kingine, chini yake kingine. Mkurugenzi alishuka kutoka kivulini.

"Mzee, unafanya nini na mali ya kiwanda?"

"Ninaondosha rangi, sitwayeni. Kibao kilikuwa kinapima na rangi."

"Nani alisema kipakwe rangi?"

Wilondja aliinua macho, akamtazama kwa upole, akaendelea kukwangua. Mkurugenzi naye hakurudia swali. Mbao ilipotokea, mzee aliomba raketi, akakiweka kibao ndani ya kichwa. Kililegea. Akakitikisa, kikacheza huku na huku, na watu wote wakasikia mbao ikigonga mbao.

"Raketi iko inje ya kipimo," alisema. Kisha akafungua kaye, akaielekeza juani mbele ya mkurugenzi. "Na huyu mama hana kosa. Alipima na rula siku ya Alhamisi, akaandika namba ya kweli. Angalia, inaonekana. Ni mi njo nilimuambia afute."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu. Sikusema kitu.

Alimasi aliazima raketi ya kilabu, akapoteza seti zote mbili. Mbuzi aliliwa kimya kimya. Jumatatu Wilondja aliambiwa arudishe ufunguo, bila sherehe, bila barua, na watu wa Uvira wakarudi kwao wakisimulia kwamba mzee wa Baraka alikuwa akificha kipimo miaka yote. Mkurugenzi aliniita, akanipa ufunguo ule ukiwa bado na kamba ya shingo yake. "Angalau weye unajua kupima," alisema. Niliupokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo mpaka mwezi uliopita nilipouweka mikononi mwenu, kila mtu hapa amesimulia kwamba Mauwa, yaani mimi, ndiye aliyegundua kosa la kibao na akakatazwa kusema. Ninyi pia mlinisifu hivyo siku ya kuniaga. Sasa mnajua.

Mvua zote zilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda Nundu, alikorudi kwa watu wake. Nilibeba kuku na kilo mbili za sukari. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipiga randa mlango wa jirani. Nilipiga magoti kwenye maranda, nikasema yote, kuanzia rula mpaka kifutio mpaka hangari. Alinisikiliza huku akipapasa mbao kwa kiganja.

"Papa, juu ya nini ulibeba kosa langu?"

"Mi nilikuwa natoka. Weye ulikuwa unaingia." Akapuliza vumbi la mbao. "Ile namba ya kwanza, uliipata mara ngapi?"

"Mara tatu, papa. Zote sawa."

"Ulipima muzuri."

Nikafikiri yameisha, nikataka kuinuka. Akaweka randa chini.

"Mauwa, ile Alhamisi nilikuwa kwa nyumba siku muzima, muguu juu ya kiti. Ungekuja, tungekwangua sisi wawili, Alimasi angetafuta raketi ingine, na hakuna muntu angejua. Nilikuwa kwa nyumba."

Aliokota randa, akaendelea na mlango wake. Nililia pale pale chini, na yeye hakuniambia ninyamaze.